Usimwambie apungue kwanza, mwambie ahesabu spoki

Kila mwenye mwili mkubwa anayetaka kurudi kwenye baiskeli hupewa jibu lile lile: "Pungua kwanza, hiyo utaikunja." Atalisikia kwa muuzaji, kwa shemeji, na kwa jirani ambaye hajagusa pedeli tangu shule ya msingi. Jibu hili linakera. Linamzuia mtu kwenda kazini kwa baiskeli kesho asubuhi, na hoja yenyewe inajifanya ya kiufundi wakati haina ufundi wowote ndani yake.

Angalieni barabara zetu wenyewe. Shinyanga na Kahama, daladala imekuwa baiskeli: dereva mbele, abiria kwenye keria, watu wazima wawili ambao kwa pamoja hupita kilo 130 bila shida. Boda boda nayo ilizaliwa mpakani Busia ikiwa baiskeli, pikipiki zikaja kurithi jina. Mkaa unaingia mijini kwa baiskeli, gunia juu ya gunia. Halafu mtu mmoja mwenye kilo 115 na begi la kazini anaambiwa hakuna chuma cha kumbeba?

Chuma kipo. Kinachotakiwa ni kujua kinavunjika wapi, na kwa mtu mzito jibu karibu kila mara ni moja: gurudumu la nyuma. Fremu mara chache huwa ya kwanza kukusumbua. Ukikaa wima, kama wengi tunavyokaa tukienda kazini, karibu theluthi mbili ya uzito wako iko nyuma. Kwa hiyo dukani acheni kugongagonga fremu kama mnanunua tikiti maji. Pigeni magoti nyuma ya baiskeli.

Hesabu spoki za upande mmoja, zidisha mara mbili. Zikifika 36, endelea kuzungumza bei. Zikiwa 32 kwenye ringi imara ya kuta mbili (yenye uwazi ndani kama boksi), inawezekana. Zikiwa 28 au chini ya hapo, ama zimepangwa kwa mafungu ili gurudumu lipendeze, iache hapo hapo. Baiskeli nyingi za zamani za muundo wa Kiingereza zilikuja na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na haikuwa kwa mapambo.

Idadi peke yake haitoshi, na hapa ndipo tunapogombana na mafundi wengi. Utasikia fundi akisema, "Usizikaze sana, zitakatika." Ni kinyume chake. Gurudumu linapozunguka, spoki zilizo chini, karibu na ardhi, hulegea kidogo kila zinapopita pale, kisha hukaza tena zikipanda. Mpandaji akiwa mzito, kule kulegea kunaongezeka. Spoki iliyokazwa vizuri hubaki na mkazo hata ikiwa chini. Iliyolegea huishiwa mkazo kabisa, ikaanza kucheza ndani ya tundu la habu (kitovu cha gurudumu), na shingo yake ikawa inapinda na kunyooka mara elfu kwa siku, kama waya unaoukunja kwa vidole mpaka ukatike. Ndiyo maana spoki za nyuma hukatikia shingoni, kwenye habu, na mara nyingi upande wa cheni. Haikatiki kwa sababu wewe ni mzito siku ile. Imechoka wiki nyingi kwa sababu hakuna aliyeikaza.

Baiskeli mpya za boksi ndizo mbaya zaidi kwa hili. Magurudumu yake hukazwa haraka na mashine, halafu duka linafunga usukani na pedeli na kukukabidhi. Shika spoki mbili mbili kwa vidole, zibane. Zikibonyea kama kamba ya kuanikia nguo, kazi haijamalizika. Lipa fundi anayejua kufuma gurudumu, akae nalo mpaka spoki za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana ukizigonga kwa spana. Pande mbili hazitalingana sauti kwenye baiskeli yenye gia nyingi nyuma, kwa sababu habu imesogezwa kutoa nafasi ya gia, na upande wa cheni lazima ukaze zaidi. Hilo ni sawa.

Ikikatika spoki moja, badilisha. Ikikatika ya pili, anza kuwa na wasiwasi. Ya tatu ikikatika, zilizobaki zimechoka pamoja nazo, kwa hiyo fuma upya zote. Omba spoki za milimita 2.3 kwa gurudumu la nyuma badala ya 2.0, mradi matundu ya habu yazipokee, na ringi ya alumini ya kuta mbili. Spoki nene kwenye ringi nyembamba ya ukuta mmoja ni fedha iliyotupwa: nipeli, zile nati ndogo za kukazia spoki, zitapasua ringi.

Kitu kingine cha nyuma ambacho wauzaji hawakitaji ni ekseli, chuma kinachopita katikati ya habu. Kwenye fraiwili, yaani fungu la gia linaloskrubiwa kwa nyuzi kwenye habu, lenye gia sita au saba, gololi za upande wa kulia ziko mbali na fremu, kwa hiyo ekseli inabaki na kipande kirefu kisichoshikwa. Mtu mzito huipinda hapo, na baadaye huikata. Toa gurudumu, zungusha ekseli kwa vidole, tazama ncha yake. Ikichora duara, imeshapinda. Habu ya kaseti, ambayo gia huchomekwa juu yake, ina gololi karibu zaidi na fremu na huvumilia. Vivyo hivyo baiskeli za Kijapani za mitumba zenye gia tatu ndani ya habu: gurudumu lake halijasogezwa sana upande mmoja, na hiyo ni nguvu ya bure.

Wapenzi wa Phoenix, ile baiskeli nzito ya Kichina ya muundo wa Kiingereza, na ndugu zake wanasema baiskeli ni hiyo tu. Nusu ya maneno yao nayakubali. Fremu, keria na magurudumu yake vinabeba. Lakini breki za fito, zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, zinazobana ringi ya chuma iliyopakwa kromu, siku ya mvua, chini yake kilo 115 zikishuka kutoka Kimara kuelekea Ubungo? Hapana. Uzito ukiongezeka, kazi ya breki inaongezeka kwa kiasi kile kile, na kromu ikilowa hushika vibaya mno. Mtu mzito anahitaji ringi za alumini na breki za mikono miwili zinazobana kwa pembeni, au diski za waya. Kwenye baiskeli ya Kijapani, breki ya nyuma ya bendi inayopiga kelele ikibadilishwa na breki ya ngoma, baiskeli inakuwa nyingine.

Springi za mbele za bei rahisi, ziache. Zimepimwa kwa mtu mwepesi, zitalala chini na kubaki huko. Upana wa tairi ndio springi yako: inchi 1.9 mpaka 2.1, upepo wa nyuma PSI 50 hivi, mbele pungufu kidogo, bila kupita namba iliyo ubavuni. Ukibaki na tairi nyembamba ya milimita 37, nyuma itataka 65 au 70 kama ubavu unaruhusu. Pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake upepo ulikuwa mdogo na ringi imebana tyubu kwenye shimo, usiilaumu miiba.

Na msinunue tairi kwa kutaja "ishirini na sita" tu. Kipenyo pale tairi inapokaa kwenye ringi, kwa milimita, ya mlimani ni 559, ya Kijapani ya 26 kwa 1 3/8 ni 590, haziingiliani. Soma namba mbili zenye kistari ubavuni, mfano 37-590, uende nazo dukani.

Siti: usichague nene na laini eti kwa sababu una mwili. Mifupa ya makalio ndiyo inayokaa, na upana wake haufuati kiuno. Kalia kipande cha boksi juu ya kiti kigumu, pima kutoka katikati ya alama moja mpaka katikati ya nyingine, ongeza sentimita mbili au tatu. Siti ngumu kiasi ya upana huo itakutosha.

Fremu ya kushuka chini inarahisisha kupanda, hasa kama magoti yanalalamika. Chagua yenye bomba mbili, si moja. Pedeli ziwe za chuma. Keria ya Kijapani ina muhuri wa 18, 25 au 27, nazo ni kilo inazoruhusiwa kubeba.

Baada ya kilomita 150 hivi za mwanzo, rudi kwa fundi yule yule. Spoki zitakuwa zimekaa mahali pake na baadhi zimelegea. Gonga moja moja, inayotoa sauti nzito kuliko wenzake nipeli yake izungushwe robo mzunguko, kisha gurudumu linyooshwe tena.