Watarudi wapi, na hawajawahi kuja?

Fundi wangu wa nguo ana kibanda Kawangware: cherehani mbili, meza ya kukatia, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Majuzi alisikia kuna ofisi Upper Hill inatafuta wa kuwashonea wafanyakazi sare. Akatuma bei kwa baruapepe, seti 40. Siku ya tatu simu ikalia, akanipa nimsomee: "Noted with thanks. We shall revert."

"Wanasema watakujibu, mama."

"Kwani hili si jibu?"

Sikuwa na la kumwambia.

Kwa Mwingereza wa kwao, "revert" si kujibu. Ni kuirudia hali ya zamani: shamba lililoachwa likawa kichaka, mtu aliyeacha sigara miaka miwili akaonekana tena dukani akiulizia moja. Shina lake ni Kilatini, kugeuka nyuma. Wanasheria ndio wanaolipenda kuliko wote, kwa sababu muda wa kukodi ardhi ukiisha, ardhi humrudia mwenyewe. Katiba yetu ya 2010 inasema asiye raia atamiliki ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Hapo neno hilo lina meno. Na ukipita Eastleigh utakuta waliosilimu wakijiita kwa neno hilohilo, kwa imani kwamba kila mtu huzaliwa Mwislamu, kwa hiyo wao wamerejea tu.

Ofisini Nairobi, kama ilivyo India, Nigeria na Singapore, neno hilo limekuwa la kujibu barua. Wapo wanaolikejeli, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nimeacha. Neno likishatumiwa na watu wote hao kwa maana moja, na wakaelewana, kosa liko wapi? Hata "kurudi" yetu ina mengi tumboni. Mzazi humrudi mtoto mtundu. Kitambaa hurudi kikilowa maji, suruali ikaishia juu ya kifundo cha mguu. Hakuna anayelalamika.

Ugomvi wangu uko kwingine. Sema "tutakujibu" polepole uone kilichomo. Tu-, ni sisi. -ta-, ni siku zijazo. -ku-, ni wewe, umekaa katikati ya kitenzi chenyewe, huwezi kung'olewa bila watu kusikia pengo. "We shall revert" haimtaji mtu. Watamrudia nani, kuhusu nini, lini? Sentensi imekamilika na fundi hayumo ndani yake.

Nakiri nimelitumia sana. Nilipokuwa nimeajiriwa, Ijumaa saa kumi na moja kasorobo ikinikuta na barua nisiyojua niifanyie nini, niliandika neno hilo, nikafunga kompyuta, nikakimbilia matatu. Lina adabu, linanukia suti, na ukiulizwa Jumatatu unaweza kuapa kwamba ulimjibu mtu. Ningelazimika kuandika "nitakujibu Jumanne," ningelazimika kuijua Jumanne. Ndiyo maana sidhani tunalipenda kwa sababu ya Kiingereza. Tunalipenda kwa sababu halitudai chochote.

Katiba hiyohiyo imekipa Kiswahili nafasi mbili, lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini jaribu kukumbuka mara ya mwisho ofisi ya Nairobi ilipokuandikia barua kwa Kiswahili. Kiswahili ni cha askari wa getini na mama wa chai. Ukishapanda lifti, kinabaki chini.

Wiki iliyopita fundi alitaka tuwaandikie tena. "Weka Kiswahili," akasema, "wasije wakasingizia hawakuelewa." Tukaandika: "Tafadhali tujibuni kabla ya Ijumaa, ndiyo au la, tujue kama tununue kitambaa."

Saa nane mchana simu ikalia. "Kindly bear with us as we revert."

Alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Halafu akainamia beseni, alikokuwa ameloweka mita tatu za kaki za mteja mwingine, maana hakati kaki kabla haijarudi. Akainua ncha moja, akaikamua, akaipima kwa kiganja.

"Hii angalau," akasema, "inarudi leo."