Njiwa wa Tanga na chama cha taifa: nani atashika chupa ya chanjo?

Wafuga njiwa watatu wakikutana barazani hapa Tanga, kahawa haiishi kabla hoja ya chama haijaibuka. Si kikundi cha mtaa wanachokitaka. Wanataka chama cha taifa chenye katiba, pete za miguuni zenye namba, mashindano ya kutoka Dar es Salaam mpaka huku, na mtu wa kutusemea serikali inapopiga marufuku ndege kwa sababu ya ugonjwa. Wengine wakisikia hayo hucheka. Njiwa ni wa baraka, wanasema, tangu lini baraka ikaandikishwa? Mimi nimewahi kukaa pande zote mbili za baraza hilo.

Kilichonitoa upande wa wanaocheka ni jozi moja niliyoinunua sokoni mwaka juzi, dume la kijivu na jike jeupe, wazuri wa kutazama. Niliwaingiza bandani siku hiyohiyo pamoja na wenzao ishirini. Haikutimia wiki mbili, mmoja akawa anadonoa pembeni ya punje badala ya kudonoa punje yenyewe. Kisha shingo zikaanza kupinda, kinyesi kikawa maji matupu, wengine wakawa wanazunguka papo hapo kama walevi. Jirani yangu, mzee wa rika la marehemu baba, alisimama mlangoni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nyumba yenye maneno njiwa hawakai." Nyumba yangu haikuwa na maneno, ilikuwa na kideri. Katika ishirini na wawili walibaki tisa.

Kideri cha njiwa ni ndugu wa kile cha kuku, ambacho wengine hukiita mdondo. Virusi ni vya jamii moja, ila hivi vimejizoesha mwili wa njiwa. Vilijulikana Mashariki ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970, vikaingia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 vikafika Uingereza. Mwaka uliofuata, njiwa wa mitaani walichafua nafaka katika maghala ya bandari ya Liverpool, nafaka hiyo ikasagwa chakula cha kuku, na mashamba ya kuku yakaugua. Nadhani tangu hapo njiwa aliacha kuwa shauri la mwenye banda peke yake. Sisi nasi tuna bandari, tuna maghala, na tuna watu waliokopa fedha kufuga kuku wa mayai huko Kange na Pongwe. Mmoja wao akija kuniuliza kama njiwa wangu wamechanjwa, sitamwona mchokozi.

Waingereza walitunga dawa ambayo naiona ya busara, lakini ina tundu. Kanuni za magonjwa ya ndege za England za mwaka 2003 zinamtaka anayeandaa mashindano au maonyesho ahakikishe kila njiwa anayeingia amechanjwa dhidi ya kideri. Mzigo haukuwekwa kwenye mlango wa kila mfugaji, uliwekwa kwenye lango la mkusanyiko. Kwa njia hiyo chama chao kikubwa, Royal Pigeon Racing Association, chenye mizizi ya mwishoni mwa karne ya 19, kikawa ni kama karani wa afya pia: pete, jina la mwenye ndege, uthibitisho wa chanjo, ndipo ndege apokelewe. Hakuna polisi aliyehitajika. Mtu akitaka kushindana, atachanja. Tundu lenyewe ni kwamba asiyeshindana lango hilo halimhusu.

Wanaoshabikia chama cha taifa hapa kwetu wanataka kuunakili mpango huo mzima mzima, na hapo ndipo naachana nao. Sisi hatuna mashindano ya kila Jumamosi. Mkusanyiko wetu ni soko. Njiwa wa Tanga hukutana kwenye matenga ya wauzaji, kwenye kubadilishana jozi baada ya swala ya Ijumaa, kwenye zawadi ya mjomba aliyetoka Muheza na boksi lililotobolewa matundu. Chama kitakachoweka masharti ya chanjo kwenye mashindano tu kitachanja ndege mia mbili wa watu wenye uwezo, na jozi kama ile yangu itaendelea kupita sokoni ikiwa na shingo iliyonyooka bado.

Kuhusu chanjo yenyewe, tatizo letu si la ukosefu mtupu. Chanjo ya kideri cha kuku inatengenezwa Kibaha, kwenye taasisi ya chanjo iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ilikusudiwa kuku. Wenzetu wa Ulaya huwapa njiwa chanjo yao maalumu, ya virusi vilivyouawa, kwa sindano chini ya ngozi ya shingo. Sisi mitaani tunatumia ile ya kuku kwa sababu ndiyo iliyopo, huku tukijua kwamba viatu vya kaka havimkai mdogo wake sawasawa.

Hapo mwenye kudai chama cha taifa ana hoja nzito. Hakuna mwagizaji atakayehangaika kusajili na kuleta chanjo ya njiwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye ndege kumi na wawili. Ataileta akijua kuna wanunuzi wanaohesabika. Kikundi cha mtaa hakiwezi kukaa meza moja na wizara. Lakini mpinzani wake naye ana lake: chupa moja ya chanjo ina dozi za ndege wengi, na ikishachanganywa haisubiri. Kugawana chupa hiyo ni kazi ya majirani, asubuhi moja, kabla ya jua kali. Kiongozi wa taifa aliyeko Dar es Salaam hawezi kukushikia njiwa wako kichwa.

Kuhusu pete sina mjadala mrefu, nazitaka. Ugomvi mkubwa wa njiwa hapa mjini wala si ugonjwa, ni kuvutiana. Jirani anamwaga mtama kwa wingi, anaweka maji masafi na majike wawili wapweke, dume wako anahamia. Ukienda kumdai unaulizwa, "Kwani kaandikwa jina?" Kesi inafika kwa mwenyekiti wa mtaa, naye hajui pa kuanzia. Pete isiyo na kiungo, anayovishwa kinda akiwa na umri wa wiki moja hivi kabla mguu haujanenepa, haivuki tena ukubwani. Ingemaliza kesi nyingi kuliko baraza lolote. (Tuna mtaa mzima unaoitwa Mabawa, na hata huko sijaona njiwa mwenye pete.)

Ustawi wa wanyama ndio sehemu inayowaudhi wazee, na nawaelewa. Ukinunua njiwa mkubwa, ukimfungulia tu anarudi alikotoka. Dawa ya zamani ni kumfunga bawa kwa uzi, au kumng'oa manyoya makubwa ya bawa moja, mpaka apate mwenza na mayai. Akishaatamia siku zile kumi na saba au kumi na nane, amekuwa mwenyeji. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mtu akiisoma kwa makini atajiuliza kuhusu uzi ule, kuhusu kung'oa, na zaidi kuhusu njiwa wanaoning'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Wazee hujibu kwamba manyoya huota. Kweli huota, lakini unyoya unaong'olewa ukiwa bado na damu si nywele ya kinyozi. Njia nyingine ipo na haina gharama: nunua kinda wa mwezi mmoja, aliyekwisha kuacha kulishwa na wazazi wake lakini hajaruka akaijua anga ya kwao. Chama kingeweza kulisema hilo bila kumwita mzee yeyote mkatili. Kanuni za ustawi zikija kwa sauti ya hakimu, wafugaji watafunga milango.

Mashindano je? Moyo wangu unayataka. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tanga kwa anga ni kama kilomita 190. Njiwa mzuri hufanya kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo atakuwa ameshakunywa maji bandani wakati basi lililoondoka naye linahangaika kuifikia Segera. Wanaopinga mchezo huu nje wanasema ndege anadanganywa. Kuna mtindo wa kumtenga dume na mwenza wake siku kadhaa kabla ya safari ili arudi kwa pupa, na wao wanauita kuchezea mapenzi ya kiumbe. Washindani hujibu kwamba hakuna kamba angani. Ndege asiyetaka kurudi harudi. Jibu hilo lingenitosha, kama isingekuwa siku kama 29 Juni 1997. Siku hiyo njiwa zaidi ya 60,000 waliachiwa Nantes, Ufaransa, katika mashindano ya kuadhimisha miaka mia moja ya chama cha Uingereza, na maelfu kwa maelfu hawakufika nyumbani. Taiwan nako kuna mashindano ya baharini ambayo ndege wengi hupotea kuliko wanaorudi. Kwa hiyo anaposimama kijana barazani na kusema tuanze na Pemba hadi Tanga, maana ni kilomita sabini hivi tu, namwomba akumbuke kwamba zote sabini ni maji, na njiwa hatui juu ya maji.

Nimebakiza hofu ambayo watu huisema kwa sauti ya chini. Orodha ya wanachama ni orodha ya mabanda. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inawapa wataalamu wa serikali uwezo wa kuzuia usafirishaji na hata kuteketeza wanyama ugonjwa ukizuka. Ukija mlipuko wa mafua ya ndege, mabanda yaliyo kwenye daftari ndiyo yatakayogongwa hodi kwanza, na yasiyoandikwa yatasalimika kwa kutojulikana. Siwezi kuidharau hofu hiyo. Lakini itazame na upande wa pili. Majaribio yameonyesha kwamba njiwa hawaambukizwi wala hawasambazi mafua ya ndege kwa wepesi wa kuku na bata, na Uingereza, marufuku za mikusanyiko zilipokuja, jamii ya njiwa iliwekewa masharti yake tofauti. Hoja ya namna hiyo huhitaji msemaji. Bila chama, amri itasema "ndege wote", na wote maana yake ni wote.

Ugumu mwingine ni wa kiofisi tu. Njiwa ni mifugo au ni mchezo? Ukisema mchezo, utaelekezwa Baraza la Michezo la Taifa; ukisema jumuiya ya wafugaji, utakwenda kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, huku daktari unayemhitaji yuko wizara ya mifugo. Mimi ningeandikisha ufugaji kwanza, hata kama vijana watanuna. Chama kinachozaliwa kwa ajili ya vikombe kitagombania vikombe. Ningetaka katiba yake ianze na soko: muuzaji mwanachama haingizi njiwa tengani bila pete na kadi ya chanjo, na mnunuzi anafundishwa kuwatenga wageni angalau wiki tatu kabla ya kuwachanganya na wenyeji. Mimi kujifunza hilo kulinigharimu ndege kumi na watatu.

Wakati wakubwa wakijadiliana, mtaani kwetu tumefika kaya saba na kaunta buku moja. Chupa tunaichangia, tarehe tunaziandika, na kazi tunaianza alfajiri. Anayeshika kichwa cha njiwa nikidondosha tone ni yule mzee jirani. Hajaacha imani yake hata kidogo. Juzi ameniambia nyumba yangu siku hizi imetulia, ndiyo maana wamefika kumi na sita.