Simu iliyopigwa mwaka 2013

Tarehe 1 Desemba 2012 nilikuwa kando ya barabara ya Rutshuru, pale Majengo, nikiangalia malori ya waasi wa M23 yakipanda kuelekea Kibumba. Wapiganaji waliimba kama watu wanaokwenda harusini. Mji wetu wa Goma walikuwa wameukamata siku 11 kabla, na jeshi letu lilikuwa limeshakimbilia Sake na Minova. Hakuna aliyekuwa amewapiga mpaka watoke. Mzee mmoja aliyesimama karibu yangu akauliza, "Sasa nani amebafukuza?" Tukatazamana tu.

Jibu nililipata baadaye, nilipoanza kuziweka tarehe pamoja. Ni kweli kwamba marais wa Maziwa Makuu walikuwa wamekutana Kampala na kuwataka watoke. Lakini tarehe 30 Novemba, siku moja kabla ya yale malori kuondoka, Uingereza ilikuwa imetangaza kuzuia pauni milioni 21 za msaada kwa Rwanda, iliyoshutumiwa kuisaidia M23. Tarehe 18 Desemba Barack Obama akampigia simu Paul Kagame, rais wa Rwanda, kuhusu suala hilohilo. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, Marekani ikasimamisha msaada wa kijeshi kwa Rwanda kwa sababu ya watoto waliotumikishwa na M23. Mapigano yalipoanza tena mwishoni mwa mwezi huo, John Kerry wa Marekani na William Hague wa Uingereza nao wakapiga simu Kigali. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 ilikuwa imekwisha. Vilima vya Chanzu na Runyoni vilirudi mikononi mwa jeshi letu ndani ya siku chache, vilima ambavyo kabla ya hapo tuliambiwa havikamatiki.

Siwezi kuwadhulumu waliopigana. Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi wa brigedi ya Umoja wa Mataifa walikuwa pamoja na askari wetu, na wapo waliofia vitani. Hata hivyo, kila mtu wa Goma anajua kwamba mwaka ule vita vilikwisha haraka kwa sababu upande wa pili wa mpaka hakuna aliyekuja kuwaokoa.

Hili ndilo ninalotaka kulisema: nchi kubwa inayolisha na kulitetea jeshi la rafiki yake inaweza kulisimamisha, na sisi tumeona kwa macho yetu. Wala haihitaji pesa nyingi. Julai 2012 Marekani ilipoanza kukata msaada wa kijeshi, ilikata dola 200,000 tu, bei ya magari machache ya mashirika yanayopita mbele ya nyumba yangu. Kilichouma ni kuonekana mbele ya dunia kwamba rafiki amekunja uso.

Nasi Wakongo tusijifanye hatuijui kazi hii. Mwaka 1975 Mobutu alipeleka askari wetu Angola kukisaidia chama cha FNLA cha Holden Roberto, huku pesa na silaha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, zikipitia Kinshasa. Walishindwa Quifangondo, karibu kabisa na Luanda. Miaka miwili haikupita, wapiganaji wa Katanga wakavuka kutoka Angola na kuingia Shaba, jina la Katanga wakati huo, na Mei 1978 Kolwezi ikajaa maiti. Mkubwa alituma, mdogo akatumwa, na waliolipa walikuwa watu wa Kolwezi.

Ndiyo maana mwaka 2025 ulinikasirisha kuliko 2012. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameandika tangu Julai 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako upande huu wa mpaka pamoja na M23. Rwanda inakana, inasema inachukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, waasi Wahutu wa Rwanda walioko Kongo. FDLR wapo, sikatai, na serikali yetu imewalea kwa miaka mingi, jambo la aibu. Lakini taarifa ilikuwa mezani, na simu haikulia kwa wakati. Goma ikaanguka tarehe 27 Januari, Bukavu tarehe 16 Februari. Tarehe 20 Februari ndipo Marekani ilipomwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda. Wakati huo tulikuwa tumeshazika. Waziri Mkuu Judith Suminwa aliliambia Baraza la Haki za Binadamu Geneva kwamba waliokufa mashariki tangu Januari walizidi 7,000.

Wiki hizi nilinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mama mmoja karibu na soko la Virunga. Akanirudishia noti ya faranga 500 iliyobandikwa sikochi, utepe wa gundi, katikati, kisha sikochi juu ya sikochi, mpaka picha yenyewe haionekani. Benki zilifungwa mji ulipoanguka, noti mpya haziji, basi hizi za zamani tunazibandika hivyohivyo. Nikasita kuipokea. "Yaya, kamata tu, hata mie banilipa iyi," akasema. Halafu, akifunga sambaza kwenye mfuko, akaniuliza, "Baamerika batapiga ile telefone siku gani?"

Hakuwa anatania. Anakumbuka kama ninavyokumbuka mimi.

Tena tumeiona ikipigwa hivi karibuni. Tarehe 4 Desemba 2025 rais wetu Tshisekedi na Kagame walitia saini makubaliano ya amani Washington, Donald Trump akiwa kati yao. Siku sita baadaye M23 ikaingia mji wa Uvira. Marco Rubio, waziri wa mambo ya nje wa Trump, akasema waziwazi kwamba Rwanda imevunja makubaliano. Haikupita wiki, M23 wenyewe wakatangaza kwamba watatoka Uvira kwa ombi la Marekani, na Januari wakatoka.

Kwa hiyo ninawauliza walioko Washington: kama Uvira ilitosha ombi, Goma inakosa nini? Rubaya, kule Masisi kunakotoka madini ya koltani, imo mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024, na katika karatasi za Washington madini yametajwa karibu na amani kiasi kwamba sijui kipi kinasubiri kingine. Nataka tupigiwe simu kwa sababu ya yule mama wa sambaza. Nataka Kinshasa nayo iache kuuza ardhi yetu ili simu ipigwe, iwaondoe FDLR na iwalipe askari wake mishahara yao.

Ndege za abiria hazitui Goma tangu ile Januari. Usiku, upande wa uwanja, tunasikia vyura tu. Noti ya yule mama bado ninayo mfukoni, nimejaribu kuitumia mara mbili na imekataliwa.