Reli ya Kisasa Inakuja Mwanza: Mzigo Utavukaje Ziwa?

Aliyewahi kusimama karibu na gati la Bandari ya Mwanza Kusini wakati Mv Umoja inapakia anajua kwamba ile ni kazi ya utaratibu na subira. Kichwa cha treni husukuma mabehewa taratibu kupitia daraja linalopanda na kushuka kufuata usawa wa maji, magurudumu yakaingia kwenye reli zilizolazwa ndani ya meli, na mabehewa hupangwa kwa kupokezana, upande huu kisha upande ule, ili meli isilalie ubavu mmoja. Hakuna gunia linaloshushwa. Shehena iliyopakiwa Dar es Salaam inaweza kuvuka Ziwa Victoria hadi Port Bell, Uganda, ikiwa ndani ya behewa lile lile.

Meli hiyo ilijengwa Scotland miaka ya 1960, sawa na Mv Uhuru ya Kenya, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu. Baada ya miaka mingi ya kutokwenda Uganda, ilirejea katika safari hiyo mwaka 2018. Hubeba takriban tani 1,200 kwa mkupuo mmoja, yaani mzigo ambao barabarani ungehitaji malori 40 ya tani 30. Mv Mwanza, ambayo sote tumeisubiri kwa hamu, ni meli ya abiria 1,200 na uwezo wake wa mizigo ni tani 400. Ni meli muhimu, lakini haikuundwa kwa kazi hii.

Sasa reli ya kisasa (SGR) inajengwa kutoka Isaka hadi Mwanza, kilomita 341, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Kinachonitia wasiwasi ni kipimo. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ndio upana wa reli zilizomo ndani ya Mv Umoja. Reli ya kisasa ina milimita 1,435. Behewa la SGR haliwezi kuingia katika meli hiyo. Tusipoamua mapema namna ya kuvusha mzigo, tutakuwa na treni ya kisasa inayofika ukingoni mwa ziwa na kukabidhi shehena yake kwa malori, ambayo yatazunguka kwa barabara hadi Mutukula, mpakani na Uganda. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeirahisisha mno njia hiyo, na ndiyo maana ziwa litasahaulika upesi zaidi lisipotetewa.

Niliwahi kusindikiza mchele wa mjomba wangu katika gati dogo mojawapo la ziwa hili. Magunia yalishushwa kutoka kwenye lori kwa mabega, yakarundikwa chini, mvua ikanyesha kabla turubai halijapatikana, kisha yakabebwa tena kwa mabega hadi melini. Yalihesabiwa mara tatu na kila hesabu ikatoa idadi yake. Safari yenyewe ya majini ilikwenda salama na kwa nauli nafuu. Fedha ya mjomba ilipotelea pale gatini, katika kupakua na kupakia upya, na mfanyabiashara aliyepata hasara ya namna hiyo mara mbili hurudi barabarani moja kwa moja.

Kwa hiyo ningependa njia za SGR zifike kwenye gati lenyewe, pawe na kreni ya kunyanyua kontena kutoka kwenye behewa na kulitua melini kwa hatua moja, na gati lisanifiwe kwa kukumbuka mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda na kufunika miundombinu mingi ya ufukweni. Mv Umoja nayo iendelee na reli ya zamani, kwa sababu reli inayoingia Port Bell bado ni ya kipimo hicho hicho. Uganda imekwisha kusaini mkataba wa kujenga SGR kutoka Malaba hadi Kampala, kwa hiyo meli ijayo ya mabehewa inafaa iwekewe reli tatu, mabehewa ya vipimo vyote viwili yaweze kuingia. Kuiongeza reli ya tatu katika michoro ni kazi ndogo. Kuikata meli iliyokwisha kushushwa majini ili kuiongezea ni habari nyingine kabisa.