Rudi nyumbani, wanasema. Kwani Bukoba hakutikisiki?

Tangu Februari 6, 2023 mama hajachoka kuniambia nirudi. Naishi Gaziantep, kusini mwa Uturuki. Saa 10:17 alfajiri ile, tetemeko la 7.8 lilinikuta kitandani, ghorofa ya nne. Saa 7:24 mchana, bado tuko nje kwenye baridi, likaja la 7.5. Nikimkumbusha mama la Bukoba, ananijibu: "Letu lilikuja mara moja, likaisha, mwanangu."

Hapo ndipo tunapobishana. Jumamosi ile ya Septemba 10, 2016 nilikuwa Hamugembe, mtaa wetu pale Bukoba. Lilikuwa la 5.9, dogo kwa vipimo vya huku, ila lilibomoa nyumba za tofali na kuziacha shule za Ihungo na Nyakato hoi. Na halikuisha. Usiku tulilala nje, karibu na migomba, ardhi ikaguna tena, na hakuna aliyetuambia ni nini kile. Nimekuja kuelewa huku: miamba ikishakatika huchukua muda kujipanga upya. Mitetemo hupungua kadiri siku zinavyokwenda, lakini katikati unaweza kuchomoza mkubwa. Watu wa Hatay, mkoa wa kusini huku, uliwapata Februari 20, wa ukubwa wa zaidi ya 6, majengo yaliyokuwa yamepasuka yakaanguka kabisa.

Mtetemo huo wa baadaye Waturuki wanauita artçı. Ukitikiswa tu unafungua simu: kitovu, kina, ukubwa, vyote vipo. Mwanzoni nilifurahi, baadaye ikawa ugonjwa. Lori likipita naangalia taa ya dari, halafu simu. Miezi miwili nililala na viatu. Mama mwenye nyumba wangu aliweka glasi ya maji mezani, akawa anaitazama kuliko televisheni.

Ila mkiniuliza hofu ni afadhali uipate wapi, nasema Hamugembe. Pale mlango ni hatua tatu, na ukitoka unakuta majirani wameshawasha moto. Hapa nina ngazi za ghorofa nne, na nguzo ambazo sijui mkandarasi alitia nondo au alizila. Kanuni za ujenzi Uturuki inazo, nzuri tu, na bado walikufa watu zaidi ya 50,000.

Juzi mama kanitumia picha: jirani anapandisha ghorofa palepale nyumba yake ilipoanguka. Nikamwomba akaulize nondo ni za milimita ngapi. Akacheka sana. Eti nimeshakuwa Mturuki.