Simba na Berkane pale Amaan: kazi ipo kwenye bao la pili

Simba inahitaji mabao mawili bila kuruhusu hata moja ili ibaki hai. Hiyo ndiyo hesabu ya Jumapili, Mei 25, 2025. RS Berkane, klabu ya Morocco, walifanya kazi yao mapema kule kwao Mei 17: Mamadou Camara alifunga dakika ya nane, Oussama Lamlaoui akaongeza dakika ya 14, na baada ya robo saa hiyo walikuwa na mtaji wa kuja nao. Sasa ni mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na inachezwa kwetu. Ila si kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar es Salaam. CAF, shirikisho la soka Afrika, imeihamishia New Amaan Complex, Zanzibar, kutokana na hali ya sehemu ya kuchezea ya Mkapa kipindi hiki cha mvua, na mjadala wa vijiweni umeganda hapo hapo: tumenyang'anywa uwanja.

Siwezi kuwaambia wanaolalamika kwamba hawana hoja. Wanayo, tena nzito. Mkapa inabeba watu 60,000, Amaan ni kama 15,000. Halafu mtihani huu huu Simba imeshaufanya msimu huu, na iliufaulia Mkapa. Al Masry waliishinda 2-0 Misri kwenye robo fainali. Aprili 9 wakaja Dar es Salaam, Elie Mpanzu akafunga, Steven Mukwala akafunga, yote kipindi cha kwanza, na kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti, Simba ikashinda 4-1. Matokeo ya kwanza ni yale yale, 2-0, na kinachohitajika ni kile kile. Mtu aliyekuwepo siku ile anajua kelele za Mkapa zinafanya nini: beki wa wageni anageuka kumwita kipa wake na sauti haifiki, anaamua mwenyewe kuupiga mpira nje, unakuwa mpira wa kurusha wa Simba tena, na hapo hapo shinikizo linaanza upya. Msemo wa "kwa Mkapa hatoki mtu" haukutungwa na watu wa matangazo tu. Nyuma yake kuna Al Ahly waliofungwa 1-0 na AS Vita waliofungwa 4-1 mwaka 2021, na Horoya walioondoka na saba mwaka 2023.

Lakini nikiipitia rekodi ya nyumbani ya msimu huu, naona kitu kinachonizuia kulia sana. Simba imecheza mechi sita za nyumbani kwenye michuano hii kabla ya fainali na imeshinda zote: Al Ahli Tripoli 3-1, Bravos do Maquis 1-0, CS Sfaxien 2-1, CS Constantine 2-0, Al Masry 2-0, Stellenbosch 1-0. Angalia hiyo ya Constantine ya Januari. Ilichezwa bila mashabiki, kwa sababu ya adhabu iliyotokana na vurugu za mechi ya Sfaxien. Viti 60,000 vitupu, sauti za makocha zinasikika hadi upande wa pili, na Simba ikashinda 2-0. Ushindi wa mabao mawili bila kuruhusu bao, ule ule unaotafutwa Jumapili, ulipatikana bila mtu hata mmoja wa kupiga vuvuzela.

Na historia ya klabu hii na uwanja wa nyumbani haijanyooka kama tunavyopenda kuisimulia. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, ikaenda Lusaka kila mtu akiwa ameshaizika, ikashinda 5-0. Upinduaji meza mkubwa kuliko wote wa Simba ulifanyika ugenini. Mwaka 1993, kwenye fainali ya Kombe la CAF, mambo yalikwenda kinyume: sare ya 0-0 Abidjan dhidi ya Stella, nchi nzima ikaamini kombe limeshafika, na kwenye marudiano Dar es Salaam Stella wakashinda 2-0. Jina la Boli Zozo, mchezaji wa Stella, bado linatajwa kwa uchungu na wazee wa Msimbazi. Uwanja ulikuwa wetu na watu walikuwa wetu. Amaan nayo haina uchawi wowote wa upande wetu. Januari 2024 Mlandege waliifunga Simba 1-0 pale pale kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi.

Kwa hiyo swali la Amaan au Mkapa nadhani linaulizwa vibaya. Tujiulize kwanza Berkane huwa wanafungwaje wakiwa ugenini na mtaji mkononi. Hapo takwimu zinasema jambo moja kwa ukaidi wa ajabu. Fainali ya 2019 walishinda 1-0 nyumbani, wakaenda Misri wakafungwa 1-0 na Zamalek, wakapoteza kwa matuta. Fainali ya 2024 walishinda 2-1 nyumbani, wakaenda Cairo wakafungwa 1-0 na Zamalek hao hao, wakapoteza kwa bao la ugenini, ile sheria kwamba jumla ikilingana anapita aliyefunga zaidi ugenini. Nusu fainali ya mwaka huu waliichapa Constantine 4-0 nyumbani, wakaenda Algeria wakafungwa 1-0. Makombe yao mawili ya Shirikisho, 2020 na 2022, yote yalitoka kwenye fainali za mechi moja. Kabla ya fainali hii, fainali ya nyumbani na ugenini walikuwa hawajawahi kushinda.

Mwana Simba akisikia hayo anapata moyo, na ana haki. Hawa ni watu wanaofungika wakisafiri na mtaji. Ila msome tena hiyo mistari: 1-0, 1-0, 1-0. Wanafungwa moja. Hawafungwi mbili. Wanajua kulipokea bao, kukaa nyuma, kupoteza muda kwenye kila mpira wa kutupwa, na kungoja filimbi. Mara mbili hilo moja lilitosha kuwaua kwa sababu mtaji wao ulikuwa mdogo. Safari hii mtaji ni mawili.

Weka hilo karibu na nusu fainali dhidi ya Stellenbosch, mechi pekee ya CAF ambayo Simba imecheza Amaan msimu huu. Uwanja ulijaa, boti kutoka Dar es Salaam zilileta watu, visiwani kwenyewe wapenzi wa Simba si wa kutafuta kwa tochi, na kelele zilikuwepo za kutosha. Uwanja huu uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970, ukafanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023, ni mdogo kiasi kwamba watu 15,000 wakikaa wanausonga. Simba ilisukuma, ikasukuma, ikapata bao moja: faulo ya Jean Charles Ahoua mwishoni mwa kipindi cha kwanza. La pili halikuja. Lile moja lilitosha kwa kuwa Durban ilikwisha 0-0. Jumapili halitoshi.

Bao la kwanza, basi, naliona. Presha ya Amaan, pumzi za dakika 20 za mwanzo, faulo ya Ahoua au mbio za Kibu Denis, lolote kati ya hayo linaweza kulileta. Bao la pili haliletwi na kelele. Litategemea mtu aliyesimama kwenye mstari, na ndiyo maana naona muda tunaoutumia kubishana kuhusu viti tungeutumia kumtazama kocha wa Simba, Fadlu Davids.

Fadlu ni mtu wa Cape Town, Afrika Kusini, mshambuliaji wa zamani wa Maritzburg United ambaye baadaye aliifundisha timu hiyo hiyo na kuifikisha fainali ya Kombe la Nedbank mwaka 2018. Akapoteza 1-0. Mwaka 2022 alikuwa akiongoza benchi la Orlando Pirates pamoja na Mandla Ncikazi, na hapo ndipo hadithi yake inapogusa kila kona ya mechi hii. Aprili mwaka huo Pirates walikuja Mkapa kwenye robo fainali ya Shirikisho. Mkapa ile ile tunayoililia. Simba ilishinda 1-0 kwa penalti ya Shomari Kapombe, na wiki iliyofuata Soweto Pirates wakalipa 1-0 na kuitoa Simba kwa matuta 4-3. Yaani kocha wetu alishawahi kukaa upande wa pili wa kelele zetu, na jibu lake lilikuwa kufungwa moja tu, halafu kwenda kumalizia kwao. Mwezi mmoja baadaye akafika fainali, Uyo, Nigeria. Mpinzani alikuwa Berkane. Ikaisha 1-1 baada ya dakika 120, Berkane wakachukua kombe kwa matuta 5-4.

Msimu wa 2023/24 akawa msaidizi wa Josef Zinnbauer pale Raja Casablanca, wakabeba ligi ya Morocco bila kupoteza mechi hata moja na Kombe la Ufalme juu yake. Kwa hiyo Berkane anawajua kwa kucheza nao ligi moja, si kwa video za wiki moja. Hiyo ni hazina, na sidhani Simba imewahi kuwa na kocha aliyemjua mpinzani wake wa fainali kwa kina hivi.

Wanaomtilia shaka wana lao la kusema, na ni la kweli pia. Fadlu alipokuwa msaidizi alibeba makombe, Pirates na Raja. Alipokuwa na usukani mwenyewe, au akiushika na mwenzake, fainali zake za 2018 na 2022 aliziacha. Na kule Morocco, pamoja na ujuzi wote huo, timu yake iliingia uwanjani na kufungwa mawili kabla ya dakika ya 15. Kumjua mtu na kumzuia ni kazi mbili tofauti. Upande wangu, siwezi kusahau kwamba Julai 2024 alipokea timu iliyoondokewa na Clatous Chama na Henock Inonga, ikajazwa sura mpya nusu kikosi, na akaivusha kwenye robo fainali iliyokuwa imetukwamisha mara kwa mara. Imani yangu kwake haijatikisika kwa mechi moja ya ugenini.

Kinachonipa hofu zaidi ni mtu wa benchi la wapinzani. Mouîn Chaâbani, kocha Mtunisia wa Berkane, anajua mechi hii kutoka pande zote mbili. Mwaka jana ndiye aliyekuwa na Berkane Cairo walipoupoteza mtaji. Lakini mwaka 2018, akiwa amekabidhiwa Espérance ya Tunisia wiki chache tu kabla, alifungwa 3-1 na Al Ahly kule Misri kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, na marudiano kwao Radès akashinda 3-0. Alipindua meza ile ile tunayotaka kupindua sisi. Na namna alivyoipindua ndiyo inayofaa kutazamwa: Saad Bguir alifunga la kwanza kwenye dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza, akarudia dakika ya 54, Anice Badri akamalizia dakika ya 86. Dakika 45 nzima Espérance hawakuwa na kitu ubaoni na hawakupagawa. Walijua bao moja kabla ya mapumziko linabadilisha chumba cha wageni kuliko hotuba yoyote. Jumapili Chaâbani ataitazama Simba akijua hasa inachokitafuta, kwa hiyo atahakikisha dakika zile za mwisho wa kipindi cha kwanza zinakufa: majeruhi, viatu vya kufunga kamba, mpira uliopotea nyuma ya goli.

Halafu kuna bao la ugenini, ambalo CAF bado inalihesabu. Berkane wakipata moja, Simba itahitaji manne. Yanga wanaweza kuwaeleza wenzao wa Kariakoo uchungu wa sheria hiyo: mwaka 2023 walifungwa 2-1 na USM Alger Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na kombe likabaki kule kule. Uwanja mdogo uliojaa una hatari yake hapa. Watu 15,000 walio karibu na mchezaji wanamsukuma apige mbele, apande, amwache mwenzake nyuma, na beki wa pembeni kama Mohamed Hussein "Tshabalala" anayependa kupanda anajikuta anaacha njia nzima wazi nyuma yake. Berkane, mabingwa wa Morocco kwa mara ya kwanza msimu huu, hawahitaji nafasi tano.

Ningekuwa na la kumwambia Fadlu, lingekuwa hili. Aanze na washambuliaji wake wa kawaida, asiongeze mmoja ili tu kuwafurahisha majukwaa. Mpanzu akae upande mmoja amchoshe beki wake mapema. Yusuf Kagoma asitoke mbele ya mabeki wa kati hata Simba ikiwa haijafunga dakika ya 30. Wakienda mapumziko 0-0, bado mechi ipo, Radès ilikuwa karibu hivyo hivyo. Wakienda 1-0, mechi inaanza kuwa ya Simba. Na ikifika dakika ya 60 ikiwa 1-0, pale ambapo Zamalek walipata walichohitaji na Constantine wakakwama, ndipo aingize miguu mipya, Leonel Ateba apewe krosi, na faulo zote za karibu na boksi apige Ahoua.

Nikitakiwa kutaja matokeo, naipa Simba ushindi. Kombe lenyewe silitabiri, kwa sababu sijawahi kuiona Berkane hii ikifungwa mawili na mtaji mkononi, na wala sijaiona Simba ya Fadlu ikipata mawili Amaan. Ili kombe libaki, Jumapili yote mawili lazima yavunjike.