Tunachangia ulinzi, majibu hatupewi

Mtaa wowote wa Dar es Salaam ukiandamwa na wizi, mambo huenda kwa mpangilio uleule. Inaitishwa mikutano ya dharura, anakuja afisa wa polisi, tunaambiwa kwamba ulinzi ni jukumu la kila mmoja wetu. Vijana wanaorodheshwa, yanapatikana marungu, tochi na filimbi, na kila kaya inapangiwa mchango, mara nyingi elfu moja au elfu mbili kwa mwezi. Wiki za mwanzo tunalala. Halafu filimbi zinaanza kusikika mara mojamoja, anayepita na daftari anakuwa mwingine kila mwezi, na siku moja unagundua kuwa ulinzi shirikishi umebaki kwenye muhtasari wa kikao. Mpaka duka la mtu livunjwe tena.

Viongozi wana maelezo mepesi: wananchi wagumu kuchangia. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu haohao wanachangia misiba, sendoff, vikoba, hata mgonjwa wasiyemfahamu ambaye ombi lake limetumwa kwenye kundi la WhatsApp. Wanachoka kuchangia ulinzi kwa sababu wanatoa pesa, wanatoa vijana wao, wanatoa taarifa, na hakuna kinachorudi. Ushirikiano kati ya polisi na jamii nchini kwetu unakwenda njia moja, kutoka kwetu kwenda kwao. Mengine yote yanayoharibika, kwa maoni yangu, yanaanzia hapo.

Wananchi kujilinda wenyewe si jambo geni kwetu. Nyumba kumi kumi, yaani makundi ya kaya kumi kila moja na mjumbe wake, ziliundwa na TANU miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Shinyanga na Tabora baada ya vita vya Kagera, Wasukuma na Wanyamwezi wakaanzisha sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, bila kusubiri mtu wa Dar es Salaam. Serikali iliwafuata nyuma. Sheria ya kuwatambua ilikuja mwaka 1989. Mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa IGP, mkuu wa Jeshi la Polisi, ikaja polisi jamii, mpango wa polisi kushirikiana na wananchi, na ulinzi shirikishi tunaousikia leo ukapata nguvu kutoka hapo. Hata Wakenya, baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, walichukua Nyumba Kumi wakijua vizuri imetoka wapi.

Sungusungu wanasifiwa sana na wazee, nami nakubali nusu ya sifa hizo. Mwano, yaani yowe la hatari, ulipopigwa, kijiji kizima kilitoka na pinde na mishale kufuata nyayo, na ng'ombe akipatikana alirudishwa zizini mchana kweupe, kila mtu akiona. Aliyekesha porini alijua amekesha kwa ajili ya nini. Nusu nyingine ni kwamba wapo waliopigwa bila ushahidi, na yapo maeneo ambako vikongwe walifukuzwa au kuteswa kwa kuitwa wachawi, na sungusungu wakiwa mstari wa mbele. Kwa hiyo anayesema turudishe sungusungu kama walivyokuwa, aseme pia nani angewasimamia.

Mjini hakuna ng'ombe anayerudi zizini. Umeibiwa televisheni, unakwenda kituoni, unaandikiwa RB, namba ya taarifa yako polisi, unarudi nyumbani na kile kikaratasi, na kwa wengi wetu habari inaishia hapo. Mbaya zaidi ni pale mwizi alipokamatwa na walinzi wetu wenyewe. Amepelekwa kituoni usiku, mtaa mzima umesikia, na baada ya siku mbili yuko kijiweni anacheza drafti. Mtaa unahitimisha palepale: polisi wamekula.

Inawezekana wamekula kweli. Inawezekana pia amepewa dhamana, ambayo ni haki yake kwa makosa mengi, kwa kuwa Katiba yetu, ibara ya 13, haimhesabu mtu kuwa mkosaji kabla hajathibitishwa. Au kesi imekwama kwa sababu mlalamikaji ameona nauli ya kwenda mahakamani kila wiki mbili inazidi bei ya televisheni, akaacha kufika. Haya ni mambo matatu tofauti kabisa, ila kwa mtu anayeyatazama akiwa kijiweni yanafanana. Hakuna anayekuja kumweleza lipi ndilo. Afisa aliyekuja kutuhamasisha siku ya kwanza angekuja mwezi wa pili akasema tu, "yule yuko nje kwa dhamana, kesi inatajwa tarehe fulani, mashahidi tunawahitaji," angeokoa mengi.

Angeokoa pia roho za watu. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikitaja mauaji ya kujichukulia sheria mkononi mwaka hadi mwaka. Huwa tunayaeleza kama hasira, na hasira ipo. Lakini sikiliza wanachosema watu pale tairi la kumchomea mtuhumiwa linapoletwa: "mkimpeleka polisi kesho yuko hapa." Ni watu waliokwisha kujibu wenyewe swali ambalo hawakujibiwa na anayehusika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Utamshawishije kijana mwenye rungu atii sehemu ya pili ya sheria hiyo kama anaamini kukabidhi ni sawa na kuachia?

Kuna suala la taarifa, nalo ni zito kuliko la pesa. Mtaani wezi wanajulikana. Mama lishe anayewasha moto saa kumi alfajiri anajua nani anarudi saa ile na begi ambalo hakutoka nalo. Kijiwe cha bodaboda kinajua nani hukodi pikipiki saa nane usiku na anashukia wapi. Wanajua, na wananyamaza, kwa kuwa kila mtaa una hadithi ya mtu aliyepeleka jina na kabla hajafika nyumbani aliyetajwa ameshajua nani kamtaja. Sijui njia ya kuwalaumu. Ukitaka mama lishe aseme, mhakikishie kwanza kwamba jina lake halitatoka kituoni.

Panya Road, magenge ya vijana wahalifu wa Dar es Salaam, walitufundisha hili, tukakataa kufundishika. Januari 2015 jiji lilikimbia: maduka yakafungwa mapema, watu wakajifungia, na sehemu kubwa ya mbio zile ilitokana na uvumi uliosambaa kwa simu, kila mtu akisikia kwamba wako mtaa wa jirani. Mwaka 2022 hofu ikarudi, safari hii na mapanga kweli na vifo kweli, na viongozi wa mkoa wakaagiza ulinzi shirikishi ufufuliwe. Wengi wa wale walikuwa vijana wadogo, wengine hawajafika miaka ishirini, wanaoishi kwa mama zao. Wana walimu waliowaona wakiacha shule, wana majirani waliowaona wakibadilika. Mama gani atakwenda kumwambia mtu kuwa mwanawe ameanza kukaa na kundi baya, ikiwa anachoogopa ni kuletewa maiti baada ya operesheni? Pangekuwa na mtu wa kumpokea mapema, ustawi wa jamii au hata shehe au mchungaji anayeaminika mwenye namba ya mkaguzi wa polisi wa kata, wapo ambao wasingefika kwenye panga.

Turudi kwenye daftari la mchango. Tuseme mtaa una kaya 600 na kila kaya inatoa elfu mbili. Wote wakilipa ni milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Walinzi sita kwa laki na nusu kila mmoja ni laki tisa, inabaki ya betri, makoti ya mvua na filimbi. Inawezekana. Sasa nusu ya kaya ziache kulipa, kama inavyotokea. Zinabaki laki sita, yaani laki moja kwa mtu anayekesha mwezi mzima akikabili mapanga, asiye na bima, ambaye akikatwa ndugu zake huenda wakahangaikia PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Huyo atatafuta pa kufidia. Ataanza kusimamisha bodaboda na kuomba ya chai, atawatisha wapenzi waliokaa ukutani, msichana anayerudi zamu ya usiku hotelini ataulizwa maswali asiyopaswa kuulizwa. Hapo walinzi wameshageuka kuwa sehemu ya tatizo, na waliokuwa bado wanalipa wanaona hakuna sababu. Mahesabu haya yangesomwa mbele ya mkutano wa mtaa, yakiwa na majina ya walinzi na risiti, naamini wengi wangelipa. Sijawahi kusikia mtu akigoma kuchangia msiba kwa kuwa mweka hazina alisoma hesabu.

Jambo moja watu huliogopa, nami nitalisema. Wajumbe wa nyumba kumi, mabalozi tunaowaita, tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 ni viongozi wa chama, wa CCM. Si viongozi wa serikali ya mtaa. Wengi ni watu wema wanaoijua kila nyumba. Lakini familia ya upinzani inapoambiwa ipeleke taarifa za wageni wake na wapangaji wake kwa balozi, inasita, na ina haki ya kusita. Ulinzi ukipitia mlango wa chama, sehemu ya mtaa inabaki nje. Kamati ya ulinzi ichaguliwe na mkutano wa mtaa, iwe na wanawake wanaotembea usiku kwa kazi zao, na iwe na mtu wa bodaboda. Wapangaji pia, maana kwenye mitaa mingi wenye nyumba hawakai pale.

Taa za barabarani nazo, na kichaka kilichoachwa kwenye kiwanja cha mtu asiyejulikana, ni kazi za halmashauri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na zinasaidia bila mtu kukesha. Zidaiwe.

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mwaka 2023 kwamba Jeshi la Polisi libadilike kuwa chombo cha huduma. Ni mjadala mkubwa, utachukua miaka. Wakati tukisubiri, kata zimeshapelekewa wakaguzi wa polisi, na mkaguzi wa kata anaweza kubandika karatasi moja kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, pembeni ya mapato na matumizi ya ulinzi. Hapahitajiki majina. Matukio mangapi yameripotiwa kutoka mtaa huu, wangapi wamekamatwa, wangapi wako nje kwa dhamana, kesi ngapi zimefika mahakamani na ngapi zimefutwa kwa kukosa mashahidi. Na mwezi ambao hakuna kilichosogea, aandike hivyohivyo.